Mistari ya Majivu

Jumatano, 2 Aprili

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Efrazia niandike taarifa za mechi: magoli, kadi, nani kaumia. Anasema refa asiye na kumbukumbu ni mpiga filimbi tu. Nitaandika hayo, na nitaandika mengine pia, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayenisubiri nimalize sentensi.

Naitwa Mwanamkuu Kitwana. Nina miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, na kuanzia Jumamosi mimi ndiye refa wa ndondo ya masika, mashindano ya mpira ya hapa kijijini. Si kwamba wamenipenda. Mwaka jana refa alikimbizwa mpaka kwenye shamba la mihogo, akatokea barabara ya Maneromango na kiatu kimoja, na mwaka huu kila mwanaume aliyeombwa akakumbuka ana safari. Mwalimu Efrazia, aliyekuwa akitufundisha netiboli shuleni, akawaambia kamati, "Yupo Mwanamkuu." Wakacheka. Kisha wakahesabu siku zilizobaki, wakaacha kucheka.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tano kuna kozi ya waamuzi Kibaha, na kutoka huku kwetu nafasi ya msichana ni moja. Mtathmini wa waamuzi, Bwana Abdulwahab, atakuja kunitazama mara mbili. Akiridhika ataandika barua ya kunipeleka. Asiporidhika, basi. Mwalimu anasema mpira una kazi nyingi, ila wasichana wa huku tunaonyeshwa moja tu, ya kushangilia. Mimi naitaka ile ya katikati ya uwanja.

Baba naye, ambaye ni mjumbe wa kamati, ameeleza kwa ufupi zaidi: bila barua, mwezi wa tano naenda Kongowe kwa Shangazi Hajira kuuza vitenge.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Chokaa ya kuchorea uwanja haipo. Kamati imesema mvua ingeifuta tu, kwa nini kuiharibu. Nikachukua ndoo, nikapita jiko kwa jiko kuomba majivu. Bibi amenigombeza: binti haombi majivu nyumba za watu, watasema natafuta mambo ya kiganga. Nikamwambia wakisema hivyo ni vizuri, labda wataniogopa.

Tatu, mdogo wangu wa kidato cha pili, amenisaidia kubeba. Ndoo nne kwa mistari yote. Malipo yake ni kushika kibendera.

Nilivaa kaptula juu ya suruali nyeusi ya kubana, ushungi nikaufunga nyuma. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama leo ni mpira au harusi. Nikapiga filimbi, mchezo ukaanza, swali lake likabaki hewani.

Timu yetu, Mkorosho Star, imeshinda mbili moja. Kadi za njano tatu. Matusi sikuhesabu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua usiku kucha. Mistari imefutika. Nimechora upya.

Jumatano, 9 Aprili

Kozi inaanza na jaribio la mbio: mita sabini na tano kwa sekunde kumi na saba, unatembea ishirini na tano, unakimbia tena, mara arobaini. Nimepima kwa kamba ya marehemu Babu. Leo nimefika mara ishirini na sita.

Nikirudi, mama mmoja mwenye kuni kichwani akanisimamisha. "Mwanangu, kuna msiba?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa unakimbilia wapi?"

Nikamwambia Kibaha.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika nikiwa na hasira, msomaji wa baadaye anisamehe mwandiko.

Bwana Abdulwahab alikuja leo. Mtu mwembamba, mwavuli mweusi, daftari kubwa kuliko hili. Alikaa peke yake upande wa goli la mashariki, hakutaka hata kiti cha kamati.

Nusu saa ya kwanza nilichezesha vizuri. Sijisifu, nilichezesha vizuri. Kisha Gregori akaanza.

Gregori ni mshambuliaji wetu. Ni Mnyamwezi wa Tabora, kaja huku miaka kumi iliyopita, anachoma matofali na kuendesha bodaboda. Na kwa kuwa ni Mnyamwezi na sisi Wazaramo, ni mtani wetu. Ananiita mke wake mkubwa. Bibi anamwita mbeba mizigo wake. Babu alipofariki, Gregori ndiye aliyechimba kaburi, na lilipokwisha akalala mle ndani, mikono kifuani, akasema hatoki mpaka alipwe jogoo, Mzaramo akazikwe kwingine. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Bibi mwenyewe alicheka. Siku ile nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Leo nikapuliza faulo dhidi yake. Akanijia anacheka, akaninyakua filimbi mdomoni, akaipuliza mwenyewe, akaitia kwenye soksi. "Mke wangu, ukiitaka ikomboe! Jogoo mwekundu, tena mnene!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikafanya nini? Nikacheka. Tangu nikiwa mtoto nimefundishwa kwamba mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuchukulia sahani ya ubwabwa mbele ya wageni na wewe unacheka, ukinuna wewe ndiye usiye na adabu. Nikamsihi, nikamwahidi jogoo, dakika tatu nzima wachezaji ishirini na mmoja wamesimama kwenye matope. Alipoirudisha, sikuwa refa tena. Kila mtu akawa anapuliza faulo zake kwa mdomo, na mpira ukaisha kama soko.

Bwana Abdulwahab akanionyesha alichoandika. Sentensi ya mwisho ilisema: *Mwamuzi alicheka.*

Nikamweleza utani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari. "Nami nina watani wangu, binti. Nitarudi siku ya fainali."

Jumatatu, 14 Aprili

Baba, wakati wa chai: "Kazi gani hiyo ya kuchezewa hadharani?"

Nikaacha kikombe, nikaenda kuchora mistari. 

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Hakuna mechi wiki hii kwa sababu ya Pasaka. Nimechora upya hata hivyo. Mbio, mara thelathini na moja.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua imetufungia jikoni. Bibi anachambua mchicha, mimi napepeta mchele, na maneno yakanitoka.

"Bibi, nikimpa Gregori kadi nitakuwa nimekosa adabu?"

"Kadi ndiyo nini?"

Nikamweleza. Njano ni onyo, nyekundu unatoka.

"Kumtoa mtani!" Akacheka mpaka akaweka mchicha chini. Kisha akaendelea na mchicha, nikadhani yamekwisha. "Siku ya msiba wa babu yako. Alipolala kaburini ulimwona. Maiti ilipokuwa inaswaliwa, yeye ulimwona wapi?"

Nikafikiri. Nikakumbuka vizuri kabisa. Gregori Mkristo, alikuwa amesimama kando kule kwenye mikorosho, kofia mkononi, kimya. Imamu alipotoa salamu tu, akaanza tena fujo zake.

"Nani alimwambia anyamaze?" Bibi akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna. Aliona tumejipanga. Utani una mahali pa kusimama, mjukuu wangu. Wewe ulimwonyesha wapi?"

Sikuwa nimemwonyesha popote. Nilimwonyesha meno.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Wasichana wenzake Tatu wamekuja uwanjani bila kuitwa, kumi na mmoja, kila mmoja na kopo la majivu kutoka kwao. Wanataka mechi yao baada ya fainali. Niliwauliza nani kawaambia inawezekana. Wakanitazama kama mtu aliyeuliza mvua inatoka wapi.

Jioni nikamfuata Gregori kwenye tanuri lake la matofali. Nikamwambia waziwazi: "Mtani, siku ya fainali usiniguse filimbi. Nje ya uwanja nifanye utakavyo. Ndani ya mistari nitakupa kadi."

"Mzaramo anipe mimi kadi?" Akacheka akishika kiuno. "Kwanza jogoo wangu yuko wapi?"

"Nimekuambia."

"Haya, mke wangu, nimesikia." Lakini alikuwa bado anacheka.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Nimechora upya. Mbio, mara thelathini na nane, halafu nikatapika.

Jumapili, 4 Mei

Nitaandika yote kwa utaratibu, kwa sababu kuanzia kesho kila mtu atakuwa na yake.

Fainali ilikuwa Mkorosho Star, yaani sisi, na Bondeni. Zawadi ng'ombe dume, kafungwa nyuma ya goli, anatazama kila mtu kwa dharau. Kulinyesha asubuhi. Nilichora mistari mara mbili kabla ya saa tisa, na wasichana walimimina majivu mpaka ikawa minene kama matuta. Bwana Abdulwahab alikaa palepale, mwavuli uleule. Baba alikaa na kamati. Mwalimu Efrazia akanipa filimbi ya pili, yake ya zamani, nikaitia kwenye soksi. "Kama watani wanaweka vitu kwenye soksi," akasema, "na wewe weka."

Dakika ya sitini ilikuwa moja moja. Gregori akamrukia kipa wa Bondeni, nikapuliza faulo. Nikamwona anakuja, na nikajua kwa ule mwendo wake wa kuyumba mabega kwamba watu wameshamwekea dau moyoni. Akanyakua filimbi. "Jogoo, mke wangu! Leo na riba yake!"

Kicheko kikapanda pande zote. Mimi sikucheka. Nilitamani, naapa, maana alikuwa anachekesha. Nikainama, nikatoa filimbi ya Mwalimu, nikapuliza kwa nguvu zangu zote na kuinua kadi ya njano.

Kicheko kikakatika upande mmoja, upande mwingine kikaendelea. Gregori akanitazama. Nadhani pale alikuwa na nafasi ya kuacha. Lakini watu wanamwita jina, wanapiga makofi, naye mwaka wa kumi huu anawachekesha. Akaenda kwenye eneo la penalti, akalala chali juu ya mstari wangu wa majivu, mikono kifuani, vilevile kama kwenye kaburi la Babu.

"Sitoki mpaka nilipwe!"

Nikaenda mpaka kichwani pake. Nikasema, na nilisema kwa sauti ili wasikie wote: "Mtani, utani unaishia kwenye majivu." Njano ya pili. Kisha nyekundu.

Sijawahi kusikia uwanja ule ukiwa kimya kiasi kile. Nilisikia ng'ombe anatafuna.

Kisha ukalipuka. "Kamtoa mtani! Huyu binti hana wazee?" Mwenyekiti wa kamati, Bwana Bilali, akaingia uwanjani na kanzu yake, watu kama ishirini nyuma yake. "Mwanamkuu, irudishe hiyo kadi. Mwombe mtani wako radhi, mpira uendelee. Unatutia aibu mbele ya wageni."

Niliogopa, nakiri. Nilikumbuka shamba la mihogo na nikapima kwa jicho liko umbali gani. Halafu hasira ikanipanda kuliko woga. Majivu ni yangu. Nimeyaomba jiko kwa jiko, nimechora uwanja huu mwezi mzima mvua ikifuta, na hakuna hata mmoja wa hawa aliyeshika ndoo.

"Mwenyekiti," nikasema, "shikamoo. Umekanyaga ndani ya mstari. Naomba utoke nje."

"Unanitoa mimi?"

"Nje ya mstari, mwenyekiti."

Aliyeinuka ni Gregori. Mgongo mzima mweupe kwa majivu. Akajipangusa, akatazama ile kadi, akanitazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyozoeleka kati yetu. Akamshika Bwana Bilali mkono. "Tutoke, mzee. Binti yuko kazini."

Akatembea mpaka kwenye mstari wa pembeni, akauvuka, akageuka. Akavua kitambaa alichofunga kichwani, akakishika kwa mikono miwili, akasimama kimya. Na watu waliomwona siku ya Babu wakamtambua yule mtu wa kwenye mikorosho. Mmoja mmoja, wakarudi nyuma.

Tulicheza dakika zilizobaki. Bondeni wakafunga la pili. Ng'ombe amekwenda Bondeni, na mechi ya wasichana haikuchezwa.

Bwana Abdulwahab alikunja mwavuli. "Leo sikukuona ukicheka," akasema, basi.

Baba alitangulia nyumbani. Nilitembea nyuma yake hatua kumi, mvua ikitunyeshea wote wawili, hakugeuka.

Jumatano, 7 Mei

Barua imekuja, kaileta Mwalimu Efrazia ndani ya mfuko wa nailoni. *Anapendekezwa.* Nimelisoma neno hilo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma neno lolote shuleni.

Kamati nayo imekaa. Imeamua mwakani refa atatoka mjini, na wasichana hawatachezea uwanja ule msimu huu maana "wameshavuruga vya kutosha." Baba alikuwamo na hakupinga.

Nikampelekea barua. Akaisoma hadi kwenye muhuri. "Kongowe utakwenda vilevile," akasema. "Keshokutwa. Shangazi yako anasubiri."

"Baba, ulisema bila barua!"

"Nilisema bila barua utakwenda. Sikusema ukiipata utabaki."

NIMEKASIRIKA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu humu ndimo ninamoweza kupiga kelele.

Ijumaa, 9 Mei

Barabara ya Mlandizi imekatika kwa mvua, nimezungukia Dar. Nimefika Kongowe magharibi. Vitenge vimejaa mpaka darini. Tatu alilia. Gregori hakuja kuniaga, na filimbi yangu bado anayo.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeuza doti nne. Njiani kuchukua maji nikauliza uwanja wa kozi uko wapi. Uko Kibaha, na Kongowe hii, si ile ya Dar, ni Kibaha hapahapa. Kwa miguu ni chini ya saa moja.

Kumbe Baba kanisogeza mwenyewe. Nimecheka peke yangu nyuma ya vitenge mpaka mteja akaondoka.

Jumatatu, 12 Mei

Nilitoka alfajiri, nikamwachia Shangazi Hajira kikaratasi juu ya kufuli. Aje kunivuta uwanjani akitaka.

Tulikuwa wasichana saba kutoka wilaya zote za mkoa. Wengine wana viatu vyenye meno, mimi raba za shule. Mvua ikaanza tulipojipanga. Wakanung'unika, wakauliza kama jaribio litaahirishwa. Mimi nilitaka kucheka. Uwanja mkavu ndio ambao ningeushangaa.

Mara ya ishirini na sita nikakumbuka yule mama wa kuni. Mara ya thelathini na nane sikutapika. Ya thelathini na tisa siikumbuki. Arobaini nilivuka nikiwa na sekunde mkononi, na msichana mmoja wa Soga, Blessing, akaniangukia begani tukakaa wote kwenye maji.

Tumefaulu watano.

Jumamosi, 17 Mei

Kozi imekwisha, cheti ninacho. Wiki nzima nimekwenda kozini mchana na kuuza vitenge jioni, na Shangazi hakusema neno. Leo nikamuuliza kwa nini hakunizuia.

"Nikuzuie nini? Baba yako alinipigia simu kabla hujaja. Akauliza, kutoka dukani mpaka uwanjani ni umbali gani. Nikamwambia anatembea tu. Akasema, haya, namleta."

Nimekaa na hilo jambo siku nzima. Sijui nifurahi au nikasirike zaidi. Kwenye kamati alinyamaza. Nyumbani alinyamaza. Angeniambia mimi! Wiki nzima nimemchukia bure, na chuki inachosha kuliko mbio.

Jumatano, 21 Mei

Nimepangiwa mechi. Wanawake, Jumapili, hapahapa Kibaha. Mwamuzi wa kati: M. Kitwana.

Jumapili, 25 Mei

Mistari ilikuwa ya chokaa halisi. Niliigusa kwa kidole kabla ya mchezo, nikaona ni nyembamba kuliko yangu.

Mvua haikunyesha, mechi ya kwanza kavu tangu nianze daftari hili. Wachezaji ishirini na wawili, wote wananiita refa, hakuna aliyeuliza kama ni harusi. Dakika ya kumi ilitokea vuta nikuvute langoni, mpira ukatoka, nikaonyesha kona. Beki akalalamika, nikamtazama, akaenda kukaba.

Karibu na mapumziko nikasikia filimbi nje ya uwanja. Filimbi yangu, naijua mlio wake, mbegu yake ya ndani imechakaa. Nikageuka. Gregori yupo nyuma ya mstari, kaegemea bodaboda yenye matope ya Maneromango mpaka kwenye taa, filimbi mdomoni, na chini ya kwapa ana jogoo mwekundu.

"Mke wangu!" akapiga kelele. "Nimechoka kusubiri, nimejinunulia mwenyewe! Utanilipa!"

Watu wakacheka. Nikatazama miguu yake. Vidole vya viatu vilikuwa vimeishia kwenye chokaa, havikuvuka hata kidogo.

Nikacheka na mimi, mbele ya uwanja mzima, mpaka nikashika magoti. Bwana Abdulwahab alikuwa jukwaani na aandike anachotaka.

Tatu alishuka nyuma ya bodaboda ileile, akiwa na kibendera chake cha ndondo. Ameniambia mapumziko kwamba wasichana wamepata pa kuchezea, nyuma ya tanuri la matofali, na tayari wameshachora. Majivu ya tanuri ni mengi.

Aliyeshuka wa tatu ni Baba. Kanzu ya Ijumaa, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alisimama dakika zote za kipindi cha pili, na filimbi ya mwisho ilipolia akaja moja kwa moja mpaka kwenye mstari. Hakuuvuka. Nikamwendea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akakohoa, akatazama goli la mbali. "Ile ya dakika ya kumi. Mpira ulimgonga mshambuliaji mwisho. Haikuwa kona."

"Ilikuwa kona, Baba."

"Mimi nilikuwa naona."

"Ulikuwa bado njiani, Baba. Tatu kaniambia mmefika dakika ya arobaini."

Akamtazama Gregori, Gregori akamtazama jogoo.

"Basi nimesimuliwa na mtu niliyesimama naye," akasema Baba. "Na aliyenisimulia anasema haikuwa kona."

"Aliyekusimulia alikuwa nje ya mstari," nikamwambia. "Ilikuwa kona."